Koti Kitini

Mwaka ule koti langu lilisifiwa kikaoni.
Koti, si mimi. Lile la kijivu, la mtumba wa Mwanjelwa,
lenye kifungo kimoja kisichofanana na wenzake.
Meneja alipita saa mbili usiku, akachungulia kiooni,
akaliona limekaa kitini mwangu, mabega wima,
taa inawaka, daftari wazi, kalamu imelala kifudifudi.
Kesho yake akasema: "Mwigeni Ambakisye.
Huyu saa ya kutoka haijui."

Nilikuwa nimetoka saa kumi na mbili.
Nilikuwa nateremka Iyunga kwa shati la mikono mifupi,
Julai,
baridi ya Loleza ikinihesabu mbavu
moja baada ya nyingine, bila kukosea.

Wenzangu walibaki kweli. Siwacheki.
Tumpe alibaki akiandika upya orodha aliyokwisha kuiandika.
Mwasenga alibaki akimsubiri Tumpe atangulie kutoka.
Tumpe naye alikuwa akimsubiri Mwasenga.
Na usiku mmoja wa namna hiyo,
macho mekundu kama buni iliyoiva,
magunia mia sita kumi na saba
yakaandikwa mia sita sabini na moja,
lori likafika Dar es Salaam limebeba
magunia hamsini na manne ya upepo.

Ndipo akaletwa Tupokigwe kutoka ghalani,
mpima kahawa wa miaka kumi na mmoja,
vumbi la maganda bado kwenye nyusi.
Hakutuketisha. Alitupeleka kwenye mizani.
"Wekeni gunia."
Tukaweka.
"Limebebwa kwa muda gani mpaka hapa?"
Tukatazamana.
"Mizani nayo haijauliza."

Hotuba yake yote ndiyo hiyo.

Kikao cha asubuhi tukakifanya tumesimama, nje, kwenye ukungu,
na kwa baridi ile hakuna aliyesema neno la ziada.
Ripoti tatu zenye habari moja zikawa moja.
Aliyekosea alisema kabla ya chakula cha mchana,
tukasahihisha, tukala naye.
"Ukinipigia simu saa tatu usiku," alisema,
"nitajua ghala linaungua. Kama haliungui, lala."
Saa kumi na nusu alizima taa kwa mkono wake,
akianza na ya kwake.

Wiki ya kwanza tulisimama nje ya geti
kama wanafunzi waliorudishwa kwa ajili ya ada.
Jua lipo! Tulifanyie nini?
Mwasenga alinunua hindi la kuchoma,
akalila punje kwa punje mpaka gunzi,
kisha akasema, kama anayeulizia njia,
"Hivi mke wangu saa hizi huwa anafanya nini?"
Mimi nilipofika mlangoni na kivuli changu bado kirefu,
Subilaga aliniona, akakimbilia jikoni:
"Mama! Baba amefukuzwa kazi!"

Si kwamba kila siku ni hivyo.
Msimu ukikolea, malori yakipanga foleni hadi barabarani,
tunakesha, na tunajua tunakeshea nini.
Kisha Tupokigwe anafungua daftari dogo la saa alizotukopa
na kuzilipa, Jumatatu nzima, pasipo kukumbushwa.
Na bado hesabu zinafunga mapema kuliko zamani.
Hilo limemsumbua sana meneja.
Yeye hupita hata sasa, saa mbili usiku,
akichungulia viti vitupu kimoja kimoja.
Namwonea huruma kidogo.
Huenda hakuna aliyewahi kumzimia taa.

Koti?
Ninalo mwilini, nateremka nalo Iyunga,
kifungo kile kigeni nimekifunga mpaka shingoni.
Kumbe lina joto.
Mwaka mzima nililiacha kitini,
sikujua
lina joto.